Vidonge vya Dada

Nyota iliyomfikisha mwenzako salama huenda ikakupoteza wewe. Dobi mmoja alilisikia hilo tangu utotoni, lakini kusikia ni kitu kimoja na kuzingatia ni kingine.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi seremala, ambaye yeye dobi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Fundi huyo alianza kuumwa kichwa, na alipopimwa, presha ikaonekana imepanda. Kupanga foleni kliniki hakutaka. Alisema mbao hazijirandi zenyewe. Dobi, dada yake, akaona jambo ni jepesi. Yeye pia alikuwa na presha, na vidonge vyake vilimtuliza kama maji mtungini. Kwani damu yao si moja? Kila mwezi akawa ananunua pakiti mbili, moja yake, moja ya mdogo wake.

Mwezi wa saba wa kumeza vidonge hivyo, fundi akaanza kushikwa na tumbo kila alipokula. Vidoa vyekundu vikamtoka miguuni, kisha akaona damu chooni. Hospitalini daktari akamuuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Fundi akamtazama dada yake, akajibu hakuna. Hakutaka dada agombezwe mbele za watu. Dobi naye akainamisha kichwa, akiogopa kuitwa mjinga. Jioni ile akampa kidonge kama kawaida.

Siku ya tatu fundi alikuwa amejikunja kitandani kwa maumivu. Dobi uzalendo ukamshinda, akamfuata daktari na kumwekea pakiti mezani.

"Mama, dawa hii inakufaa wewe," daktari alimwambia taratibu. "Kwake imeleta uvimbe kwenye mishipa ya damu inayolisha utumbo. Sehemu ya utumbo imekosa damu, imekufa. Ungeniambia juzi..."

Walimpasua siku hiyo hiyo. Alipozinduka, alimtafuta dada yake kwa macho.

"Dada, usijilaumu. Ulinipa kwa mapenzi."

"Nyamaza, baba. Pumzika."

Kesho yake mchana akakata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada.

Dobi amerudi kwenye pasi zake. Kila asubuhi anameza kidonge kilekile huku machozi yakimtiririka, na presha yake, hata leo, haina neno. Hakika, usisafirie nyota ya mwenzio.