Kamba ya Honi

Sogeeni. Nina kesi iliyonishinda, labda nyinyi mtaiweza.

Katika mji mmoja wa reli, huko Unyamwezi, walikuwapo watu watatu. Mzee Lubeleje, aliyekuwa mchochea moto wa garimoshi, alikuwa mbishi kupindukia. Bi Nyamizi, mjane wa dereva wa garimoshi hilo, alijua kutunza kitu na kufunga mdomo. Kaombwe, fundi wa kuchomelea, hakujua kukata tamaa.

Garimoshi lao lilipoachwa lioze relini, wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kulikata. Lubeleje akaingia kwenye tanuru alilolilisha makaa ujana wake wote, akajikunja humo.

"Kateni tu, ila mjue ndani mna mtu."

Wakambembeleza mpaka wakachoka, wakaenda zao.

Kisha wezi wakaanza kung'oa shaba. Bi Nyamizi akawawahi, akaifungua honi ya shaba na kuifukia kwenye kihenge cha mtama. Mwaka wa njaa mtama ukaisha, honi ikabaki. Hakuiuza.

Kaombwe naye alishinda ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, akiziba matundu. Wateja wakamkimbia, na kelele za nyundo zikaanza kumharibu masikio.

Hatimaye makumbusho yakalichukua garimoshi, na honi ikarudishwa mahali pake. Wakaguzi wakasema boila limezeeka: moto uwashwe siku ya uzinduzi tu, honi ipigwe mara moja, kisha lizimwe, lisiwashwe tena.

Zamani kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi akikaribia nyumbani. Mkewe akiisikia, anasonga ugali.

"Nataka kupiga kama mume wangu," alisema Bi Nyamizi. "Siku aliyofia njiani nilishabandika maji. Honi haikulia."

"Daktari anasema masikio yangu hayavuki mwaka, mama," alisema Kaombwe. "Nataka sauti hii itoke mkononi mwangu, niende nayo."

Lubeleje naye alikuwa na lake. Mchochea moto hakuruhusiwa kugusa kamba ya honi. Miaka yote alikuwa na mlio wake kichwani, na hakuna aliyewahi kuusikia. Iliuma.

Siku ya uzinduzi, mkuu wa makumbusho akamkabidhi Lubeleje kamba. "Mzee, wewe ndiye mkubwa wao. Amua."

Mvuke ulikuwa tayari. Lubeleje akawatazama wenzake, na wote wawili aliwapenda.

Je, ungekuwa wewe ndiye Lubeleje, ungeiachia kamba ile? Na ungemwachia nani?