Pimbi Ampeleka Bi Tembo Asia

Hapo zamani za kale, wanangu, Mola alipokuwa bado hajawafunga wanyama ndimi zao, alikuwako Bi Tembo. Alikuwa na nyumba ya udongo chini ya kilima cha mawe, jikoni mafiga yake, na nyuma ya nyumba shamba la miwa. Miwa ile ndiyo chakula chake cha kiangazi. Bila miwa, kiangazi kingemzika.

Lakini kilichomtesa si njaa, ni upweke. Jamaa zake walikuwa wamekufa mmoja mmoja, akabaki yeye kama jino la mwisho kinywani mwa ajuza. Kila jioni alipika chungu kizima kwa mazoea, kisha akakaa anakitazama mpaka ukoko upoe.

Siku moja Kozi, ndege wa safari za mbali, akatua juu ya paa kupumzisha mbawa.

"Bi Tembo, unalilia nini upweke, na huko Asia nimewaacha ndugu zako?"

"Ndugu zangu?"

"Tembo kama wewe! Masikio yao madogo kidogo na migongo imeinuka, lakini mkonga ni huo huo."

"Asia ndiyo wapi, mwanangu?"

"Bara hilo, kubwa kupita yote duniani. Hili letu, Afrika, ndilo la pili." Prrr! Akaruka, hata maji hakungoja.

Toka siku ile chakula hakikupita kooni. Bi Tembo akifagia, Asia. Akipepeta, Asia. Akisujudu kuomba, Mola anisamehe kulisema, lakini hata humo sijdani, Asia.

Sasa pale kilimani, katika mapango, aliishi Pimbi na mkewe na rundo la watoto. Ukimweka kando ya Bi Tembo ni kokwa kando ya mtungi, lakini akili! Alikuwa anaota jua kwenye mwamba, akayasikia yote. Na miwa ile alikuwa akiimezea mate siku nyingi.

Akashuka, chapu chapu.

"Hodi, bibi! Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Nasikia unaitaka Asia. Dunia ina mabara saba, nami nimeyakanyaga yote. Nipe shamba la miwa, nikupeleke leo leo."

Bi Tembo akalitazama shamba lake. "Nikikupa miwa, kiangazi nitakula nini?"

"Lo, bibi! Si utakuwa kwa nduguzo? Nani alikufa njaa kwa nduguye?"

Neno lile likamgusa penye kidonda. Akasema, "Chukua."

"Basi sikiliza. Mabara mengi yametengwa na bahari, na anayeziona bahari hizo hushikwa na kizunguzungu, akazama. Lazima nikufunge macho. Na puani nikutie kivumbasi, dawa ya baridi ya safari."

Hila tupu, wanangu. Alijua pua ya tembo haidanganyiki mpaka ishindiliwe majani yenye harufu kali.

Akamfunga macho kwa jani la mgomba, akapanda shingoni. "Twende!"

Wakaanza kukizunguka kilima. Kilima kile kile!

Wakavuka kijito, chubwi, chubwi. "Amerika Kusini hii, bibi. Mto Amazoni huu, na msitu wake umefumana hata jua halifiki chini."

"Kuna tembo?"

"Hakuna."

"Basi twende mbele."

Wakapanda penye upepo. "Amerika Kaskazini. Juu kule ni theluji, na dubu weupe."

"Tembo je?"

"Hamna."

"Sasa unanichelewesha nini, mjukuu wangu?"

Pimbi akamwongoza atie mguu kwenye chemchemi baridi ya pangoni. "Yuuu!" Bi Tembo akapiga ukelele.

"Antaktika hiyo, bibi, kusini kabisa mwa dunia. Hakuna mji wala mti, barafu tu, na ndege wasioruka, wamesimama kama watu wanaongoja maiti itolewe."

"Masikini," akasema Bi Tembo. "Lakini wamesimama pamoja."

Penye mawe watoto wa Pimbi wakaanza kuruka, tu! tu! tu! "Hao kangaruu. Tumefika Australia, bara dogo kuliko yote. Mama wa huku humbeba mwanawe mfukoni."

"Mfukoni? Basi hampotezi." Akajipapasa ubavuni, maana alimkumbuka mwanawe aliyempoteza.

"Haya, Ulaya hii tunaipita tu. Ulaya na Asia ni ardhi moja, kama vyumba viwili vya nyumba moja. Hiki kizingiti. Inua mguu, bibi."

Hapakuwa na kizingiti wala nini. Lakini Bi Tembo aliuinua mguu juu sana, kwa adabu. "Bismillahi," akasema.

"Asia!" akatangaza Pimbi.

Mkewe, kama walivyopatana, alikuwa amejificha nyuma ya gogo lililooza katikati. Akapazia sauti ndani yake, likavuma: "Mpaaa-uuu! Karibu, dada! Tulikungoja!"

Machozi ya Bi Tembo yakalowesha jani la mgomba. Maneno yote aliyoyapanga yakampotea, akafanya lile tembo alifanyalo akikutana na nduguye: akanyoosha mkonga atie ncha yake mdomoni mwa huyo dada. Salamu ya tembo, wanangu, si mkono wala neno. Ni kuonjana.

Hilo Pimbi hakulijua. Alikaa jirani na Bi Tembo miaka yote ya upweke wake, lakini hajapata kumwona akisalimiwa na tembo mwenzake.

Mkonga ukaingia ndani ya gogo. Kukavu. Utando wa buibui. Hapana ulimi, hapana joto.

Hakuutoa upesi. Akapapasa huku na huku, akasogea ndani zaidi, huenda ndugu yuko mbele kidogo.

"Dada," akasema polepole, "mbona huna pumzi?"

Nyuma ya gogo mke wa Pimbi akakohoa.

Bi Tembo akalivuta jani. Mbele yake, paa la nyumba yake mwenyewe. Na wale kangaruu wamekwisha kuingia shambani, wanatafuna miwa, kwaru, kwaru.

Akapiga chafya, kivumbasi kikaruka na Pimbi akaanguka, pu! Mguu ukainuliwa juu yake.

"Nihurumie, bibi! Mabara ni ya kweli! Yote niliyoyataja yapo, nimeyasikia kwa ndege. Uongo ni kwamba tumefika."

"Na ndugu zangu?"

"Wako, bibi. Wallahi, hao wako."

Mguu ukakaa hewani. Kisha ukashuka, kando.

"Asia iko upande gani? Niambie sasa, bila dawa."

"Kule litokako jua. Ng'ambo ya bahari."

Bi Tembo akageukia mashariki. Akanyoosha mkonga kwenye upepo, ncha yake wazi, akangoja.

"Tokeni humo!" Pimbi akawaita watoto. "Acheni miwa ya bibi!"

Mkewe akamnong'oneza, "Anafanya nini yule?"

"Anasalimia," akasema Pimbi, wala hakucheka.

Wanangu, mwenye kiu ya ndugu usimfanyie hila, maana kiu hiyo aliyeitia moyoni ni Mola.