Siagi Ndani ya Ndoo ya Mama Tusekile

Isome hii mpaka mwisho, halafu mtumie yule unayemjua, anayekasirika kila akiambiwa.

Mama Tusekile aliamka na hasira, na alikuwa na haki nayo. Jana yake, kwenye kituo cha kupokelea maziwa, mbele ya wafugaji wote, Mwenyekiti wa chama cha maziwa alifunua ndoo yake akakuta vibonge vya siagi vinaelea.

"Mwizi!" Mwenyekiti alifoka. "Unasuka maziwa nyumbani, siagi unabaki nayo, sisi unatuletea mabaki! Yakija hivi tena nakufukuza chamani."

Ng'ombe wake wawili ndio waliolisha watoto. Akifukuzwa, maziwa atamuuzia nani? Na jina la mwizi atalisafishia wapi?

Sasa huyo Mwenyekiti, Mzee Ambilikile, alikuwa mtu wa kuambiwa? Thubutu! Pikapu ya chama, ile inayopita kukusanya maziwa, aliichagua yeye, na ukiisema pikapu umemsema yeye. Dereva Lwitiko alishamwambia: "Mzee, kila nikiondoka inagonga chini, ko! Ikichanganya mwendo, sakafu inatetemeka mpaka miguu inakufa ganzi. Propela inayozungusha magurudumu ya nyuma imechoka."

Akajibiwa nini? "Hujui kuachia klachi, wewe! Uvivu tu!"

Mama Tusekile alikuwa amepiga hesabu zake usiku kucha. Ndoo yake hupakiwa ya mwisho, nyuma kabisa, tena ikiwa nusu. Nyumbani maziwa yanatoka laini, kituoni yanafika na siagi. Basi anayesuka yuko njiani.

Asubuhi hiyo alimwita Mwenyekiti aje aone akikamua. Akagawa maziwa katika ndoo mbili, nusu kwa nusu.

"Hii panda nayo wewe, Mwenyekiti, nyuma kule inakokaa siku zote. Ibane kwa magoti yako, usije ukasema nimeitia mkono. Hii nyingine naenda nayo kichwani."

"Kwa miguu mpaka kituoni? Utafika jioni, mama."

"Nitafika."

Pikapu ikaondoka, ko! Vumbi lote likamwishia yeye usoni. Alitembea akitukana kimoyomoyo na, Mungu amsamehe, mengine kwa sauti.

Alipomaliza mlima wa kwanza, alikuta pikapu imekaa katikati ya barabara, propela imekatika, imelala vumbini kama mchi uliotupwa. Lwitiko alikuwa chini ya gari. Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya jiwe, ndoo bado magotini.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

Loh! Mama Tusekile alitua ndoo yake, akaifunua. Maziwa laini. Akafunua ya Mwenyekiti. Vibonge vya siagi vinaelea.

"Iligonga, ukasema dereva mvivu. Ikatetemeka, ukasema hajui klachi. Maziwa yakatoa siagi, ukasema mimi mwizi. Leo ndoo umeibana mwenyewe. Haya, sema, nani kasuka?"

Mzee akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Si hapa porini! Uliniita mwizi mbele ya watu, utaniomba radhi mbele ya watu hao hao. Nyanyua ndoo hiyo twende."

Akajitwika ya kwake, akatangulia. Mwenyekiti akafuata nyuma na ya kwake, mpaka kituoni, wafugaji wote wakimtazama.

Funzo: Gari halifi ghafla, husema kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu asiyesikia la wadogo huishia kutembea kwa miguu.