Vidole Viwili vya Bi Mshono

Mashine ya kukatia vitambaa haina macho wala huruma. Asubuhi ile ilipasua tabaka ishirini za kitambaa cha sare za shule, ikapita na kwenye kiganja cha kushoto cha Bi Mshono. Damu iliruka hadi ukutani. Wifi yake, aliyekuwa akishona naye chumba kimoja, alipiga ukunga, akavua mtandio wake, akaufunga mkono ule kikiki, wakakimbilia hospitali.

Daktari wa zamu ya dharura alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi. Alisimamisha damu, akasafisha jeraha, akalishona nyuzi kumi na moja zilizopangana sawasawa. Hata Bi Mshono, ambaye hakuwa mtu wa kusifu mshono wa mwenzake ovyo, alikiri moyoni kwamba huyu ni fundi.

Siku ya saba alirudi kukaguliwa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Habari za mkono, mama?" daktari aliuliza.

"Nzuri, daktari. Nashukuru sana."

Nzuri gani! Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimenyooka kama misumari, havikunjiki ng'o. Lakini ndivyo alivyolelewa: ukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama paa linaungua. Daktari alitazama kidonda, akaona kimefunga vyema, akamwita mgonjwa mwingine.

Njiani alimwambia wifi yake, "Vidole hivi havinitii. Nataka daktari mwingine avitazame."

"Wee! Mtu kakuokoa juzi tu, leo unamtafutia mwenzake? Si kumtukana huko? Uvimbe utaisha. Au umenogewa na mimi kukufulia?"

Bi Mshono alicheka, lakini moyoni hofu ilimkaba.

Kesho yake alikaa akimtazama wifi akishona kaptura. Ncha moja ya kamba ya kiunoni ilimponyoka wifi, ikazama ndani ya pindo. Wifi akavuta ncha ya pili. Kamba ikaja yote mkononi, kiuno kikabaki vilevile, bila hata kunyanzi moja. Bi Mshono aliikodolea macho kamba ile. Akakigeuza kiganja chake. Nje, mshono ulikuwa safi. Ndani je?

"Wifi, inuka. Nipeleke kwa bingwa wa mikono. Leo hii!"

Bingwa alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. "Kunja vidole," alisema. Havikukunjika. Akaviminya kimoja kimoja, kisha akaweka kalamu chini.

"Una siku ngapi tangu uumie?"

"Leo ya nane."

"Mama, kano mbili zimekatika. Hizo ndizo kamba zinazovuta vidole. Ngozi imeshonwa, kano hazikuguswa, nazo zimerudi ndani. Ungengoja wiki mbili zaidi, pengine nisingekuwa na la kukufanyia."

Bi Mshono alivitazama vidole vyake. Jana tu alikuwa ameshukuru! Wifi alijishika kichwa. "Yarabi! Na mimi ndiye niliyemkataza!"

Bi Mshono alipasuliwa asubuhi iliyofuata, kano zikaunganishwa. Yule daktari kijana alipopata habari alikuja wodini, uso umemsawijika.

"Mama, nilikuuliza. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kukuudhi, mwanangu."

"Bora ungeniudhi! Na mimi sikukwambia hata ukunje vidole. Kosa ni langu, nisamehe."

Bi Mshono alimtazama kijana yule akifuta macho. Kumbe heshima yake ilikuwa karibu imnyang'anye kazi, na imwachie daktari majuto ya maisha.

Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, bingwa alimwambia akunje tena. Kidole cha shahada kilijikunja polepole hadi kikagusa kiganja. Wifi aliangua kilio. Cha kati kiliishia nusu ya njia.

"Na hiki kitafika?" Bi Mshono aliuliza. "Na lini nitashika kitambaa? Na hii ganzi nchani ni ya nini?"

"Leo una maswali, mama!" Bingwa alicheka.

"Nitauliza mpaka unichoke, daktari."

Bingwa akavuta kiti, akaanza kumjibu moja baada ya jingine. Ama kweli, kuuliza si ujinga.