Aliyefeli Hapulizi

Paukwa.

Pakawa.

Nimewasikia watoto. Wakubwa mnaona haya, eti? Kila aliyekula ugali wangu leo na aitikie. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa baraza limetimia.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule yao bondeni. Mwalimu mkuu alikuwa Kifaru. Kifaru alipenda kazi, lakini alikuwa na haraka. Ukimsalimu, ameshapita. Ukianza kujibu swali lake, ameshakuandikia sifuri.

Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Wa kwanza daima ni Pimbi. Wa mwisho daima ni binti wa Ngiri, jina lake Sikudhani. Ngiri mnamjua. Hukimbia mbio, mkia juu, kisha husimama akajiuliza, hivi nilikuwa namkimbia nani? Sikudhani alikuwa hivyo hivyo. Somo likiingia asubuhi, mchana limeshatoka.

Na somo kubwa la shule hiyo lilikuwa majani saba yenye sumu. Usipoyajua, siku moja utalitafuna moja, na kesho hatukuoni. Mama Ngiri alikuwa ameshamzika mtoto mmoja kwa sababu ya majani hayo. Alitaka huyu aliyebaki ajue. Lakini sheria ya shule ilisema, atakayefeli mtihani wa majani mara tatu arudi kwao. Sikudhani alijaribu mtihani wa kwanza. Akataja majani matatu. Akafeli.

Kitu kimoja tu hakukisahau. Filimbi.

Mwalimu Hondohondo, mwalimu wa muziki, aliwakatia wanafunzi mianzi kumi na miwili. Kila filimbi ilikuwa na sauti moja tu, basi. Ya Pimbi ililia pwi. Ya Digidigi ililia ti. Ya Sikudhani ilikuwa nene kuliko zote, ikalia buu. Peke yako huna wimbo. Wimbo mnaupata mkipokezana, kila mmoja akingoja zamu yake.

Sikudhani alijua kungoja. Masikio wima, macho kafumba. Moja, mbili, tatu, nne, buu. Moja, mbili, tatu, nne, buu. Hakukosea hata siku moja. Kwa ajili ya filimbi aliamka kabla ya mama yake, akatangulia njiani, akafika shuleni anacheka.

Kifaru alipoona alama za mtihani, alikuja mbio. Vumbi, tifu.

"Huyu majani hayajui, filimbi anaijua," alisema. "Basi kuanzia leo, aliyefeli hapulizi."

"Mwalimu mkuu," alisema Hondohondo, "ukitoa filimbi moja, umeutoboa wimbo wote."

"Utoboke. Filimbi haimfundishi mtu majani."

Filimbi ya Sikudhani ikafungiwa kabatini. Wimbo ukawa na pengo. Pwi, ti, ti, kimya. Digidigi alingoja buu, buu haikuja, akajikwaa. Nyumbu akamfuata Digidigi, naye akajikwaa. Hakuna aliyejua tena aingie wapi.

Sikudhani naye alianza kuchelewa. Mama yake alimvuta kwa mkia mpaka langoni. Mtihani wa pili ulipofika, alitaja jani moja tu, akasahau hata swali lilikuwa nini. Mama Ngiri alilia siku hiyo. Ilibaki nafasi moja.

Na kila Ijumaa kulikuwa na jaribio. Nyumbu akafeli, filimbi kabatini. Ijumaa nyingine Digidigi akafeli, filimbi kabatini. Wakaendelea hivyo, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka akabaki Pimbi peke yake.

Ikafika siku ya wazazi. Desturi ya shule ni kuwapokea wazazi kwa filimbi. Wazazi wakaketi. Pimbi akatoka mbele, akainama, akapuliza.

Pwi.

Wazazi wakangoja.

Pwi.

"Mtoto ana kikohozi?" aliuliza baba yake Digidigi.

Pwi. Kisha Pimbi akaishusha filimbi, machozi yakamlengalenga. "Mimi nimefaulu," alisema, "lakini sina wa kunipokea."

Mama Ngiri akasimama. "Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mama."

"Wimbo uko wapi?"

"Uko kabatini. Watoto wamefeli. Hawasikilizi, hawana subira."

"Na kusikiliza walikuwa wanajifunzia wapi?"

Kifaru akakohoa. "Mama, kupuliza mwanzi ni mchezo. Mtu yeyote anaweza."

"Basi zitoe zote, na ya mwanangu uipulize wewe."

Wazazi wakapiga makofi. Kifaru angekataa vipi? Filimbi zikatoka. Watoto wakashika zao. Kifaru akashika ile nene.

Pwi. Buu.

"Bado, mwalimu," alisema Hondohondo.

Pwi, ti. Buu.

"Bado."

Pwi, ti, ti. Buu, buu. Wazazi wakashika mbavu. Kifaru jasho likamtiririka. Mara tatu alijaribu, mara tatu aliingia kabla ya zamu yake.

Sikudhani akamsogelea polepole. "Mwalimu, usiikimbilie. Msikilize Digidigi. Akimaliza, wewe hesabu nne moyoni. Ukisikia kimya, hicho kimya ndicho chako."

Kifaru akafumba macho. Pwi, ti, ti. Moja, mbili, tatu, nne.

Buu.

Wimbo ukaja mzima. Ukazunguka bonde, ukawainua wazazi wakacheza. Kifaru akamgeukia Sikudhani. Moyo ulimuuma. "Huyu ndiye niliyemwandika kwamba hasikilizi," alisema. Akachukua ufunguo wa kabati, akampa Hondohondo.

Tangu siku ile walipuliza kila asubuhi kabla ya masomo. Msidhani filimbi ilimfanyia Sikudhani kazi. Hapana. Majani aliyasoma mwenyewe, akayarudia mpaka ulimi ukachoka. Ila sasa alikuja shuleni kwa furaha, na kichwa kilichotulia kinashika.

Mtihani wa tatu ukafika. Mama Ngiri alisimama nje ya dirisha, mkono kifuani. Kifaru akauliza, Sikudhani akajibu. Jani la kwanza, akataja. La pili, akataja. La tatu, la nne, la tano, akataja. La sita, akataja.

"La saba?"

Kimya.

Kifaru wa zamani angeshaandika sifuri. Huyu aliweka kalamu chini. Akafumba macho. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Mtunguja," alisema Sikudhani.

Siku hiyo hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Pimbi, kama kawaida yake. Sikudhani alikuwa wa nane, na mama yake akapiga vigelegele mpaka Pimbi akadhani yeye ndiye wa mwisho.

Mnasikia, watoto? Na nyinyi wakubwa, msijifanye mmelala. Muziki shuleni hauibi akili ya mtoto. Unaifundisha kusikiliza, kungoja na kwenda pamoja na wenzake, na akili ya namna hiyo hupokea kila somo. Usimnyang'anye mtoto kile kinachomleta shuleni kwa sababu hajafaulu bado. Na mwalimu ajue kungoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe nikaitie chumvi.