Landrova ya Bi Nyamizi Yapanda Kilima

Bi Nyamizi aliifufua Landrova ya marehemu mumewe palepale uani, kabureta akaisugua kwa mswaki. Hajafuta hata grisi mikononi, tajiri Masanyiwa akaingia, tumbo likitangulia.

"Shemeji yako ameniuzia ua huu. Nyumba nakuachia, lakini kila kilichomo uani ni changu, na hili gari pia."

"Hata kuku?"

"Hata kuku! Lete ufunguo."

"Chukua, baba. Ila starta imekufa, na betri sina. Labda ya gari lako."

Masanyiwa akaing'oa betri ya gari lake jipya, akaifunga kwenye Landrova.

"Sasa isukumwe mpaka juu kilimani, iwake ikiteremka," akasema bibi. "Nikushikie usukani. Breki hizi zina kiburi, zinanijua mimi tu."

"Panda, bibi. Na hao kuku je?"

"Si mali yako? Nao wapande."

Masanyiwa na wapambe wake wakasukuma, jasho likawafika kwenye soksi. Bibi akawahimiza kwa honi, kuku wametulia siti ya nyuma kama wageni wa harusi.

Kileleni Landrova ikainamisha pua, ikakohoa, ikaunguruma, ikatokomea upande wa pili bila kuaga.

"Mwizi! Kimbieni mkalete gari langu jipya, tumfukuze!"

Wapambe, waliokuwa wamejitupa chini kwa uchovu, hawakuinuka. Huko mbali honi ilikuwa bado inalia.

"Bosi," akasema mmoja, "si ndiyo betri yako hiyo anayopigia honi?"