Pimbi na Dawa ya Kisimani

Hadithi hii alinipa Bibi Namkunda, mama yake mume wangu, jioni moja tukichambua maharage karibu na moto. Kesho yake palikuwa na mkutano wa maji. Wataalamu walitaka kutia dawa ya kuimarisha meno kwenye tangi la maji la kijiji, nami sikujua niseme nini. Bibi akacheka, akaita. Sogeeni, nami niite kama yeye.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kisima, na wanywaji wengi!

Hapo zamani za kale, wanyama wote walikunywa maji ya kisima kimoja chini ya mlima. Mwaka mmoja miwa ilistawi sana, wakaila mpaka meno yakaoza. Fisi alilia asubuhi, akalia mchana, akalia jioni.

"Wewe Fisi, unacheka au unalia?" wakamtania.

"Nalia, jamani! Mfupa upo, jino halipo!"

Pimbi, mganga mdogo wa majabalini, akamhurumia. Alijua jiwe jeupe linaloimarisha meno. Akalisaga, akapima kiasi cha dawa kwa kinywa chake mwenyewe. Na Pimbi, mnamjua, hunywa matone mawili, basi. Akamwaga unga kisimani, asimwambie mtu.

Maumivu yakaisha. Fisi akavunja mfupa, ka! Pimbi akatabasamu peke yake: "Nimewatendea wema."

Lakini mtoto wa Tembo alikuwa anakunywa kutwa. Pembe zake changa zikatoka na madoa ya kahawia. Magoti yakamuuma. Na kiangazi kilikuwa kinakuja, kundi lazima lihame. Asiyeweza kutembea huachwa.

Mama Tembo akanusa kisima, akaona nyayo nyeupe, akazifuata mpaka jabalini, mwanawe nyuma yake.

"Pimbi, umetia nini kwenye maji?"

"Dawa, mama. Nimewatendea wema."

"Ulituuliza?"

"Ningewauliza mngebishana mpaka meno yaishe! Nimewatendea wema."

"Na mwanangu, ulimpima?"

Pimbi akafungua kinywa aseme tena maneno yale yale. Akamwona mtoto anavyochechemea. Akafunga.

Mama Tembo akainua mguu. Fisi akaruka mbele: "Usimkanyage, dada! Meno yangu ndiyo haya, ameyaponya yeye!"

Mguu ukashuka taratibu.

"Dawa siikatai," akasema Mama Tembo. "Nakataa kunyweshwa bila kuambiwa."

Basi wakachimba mfereji, wakatengeneza dimbwi chini ya kisima. Kisima wakakikausha dawa iishe, kikajaa upya maji matupu. Dawa ikatiwa dimbwini, kidogo, mbele ya wote, na Pimbi akawa anamuuliza kila mmoja: "Wewe unakunywa kiasi gani?" Anayetaka anateremka dimbwini. Fisi alikuwa wa kwanza.

Mtoto wa Tembo akanywa kisimani. Madoa hayakutoka, lakini magoti yalipata nguvu. Kundi lilipohama alikuwa katikati yao, akiburuta muwa.

Hapo ndipo Bibi alipoitua hadithi, nami naitua papo hapo.

Asubuhi nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda mkutanoni. Huwa nakaa nyuma. Siku hiyo nilinyoosha mkono.

"Huyu ana miezi minane," nikasema. "Uji wake wote unapikwa kwa maji ya bomba. Mmempima na yeye?"

Bwana wa maji akamtazama mtoto, akafungua ukurasa mpya.

"Bado, mama," akasema. "Tuanze naye. Anakunywa vikombe vingapi?"